Kuchagua reli ya ngazi ya nyumbani: kiganja kwanza, bomba baadaye

Mimi ni fundi chuma, Tanga mjini. Mwaka wa ishirini na mbili huu nachomelea magrili, mageti na reli za ngazi, na reli mbaya kuliko zote nilizowahi kutengeneza ipo nyumbani kwangu. Niseme ilikuwepo, maana nimeshaikata.

Kwa macho ilipendeza. Bomba bapa la inchi 3 kwa inchi 1 na nusu, kona kali, rangi nyeusi isiyong'aa, kama zile za kwenye picha ambazo wateja huniletea kwenye simu. Kila mgeni aliyekuja aliisifu. Kisha mama akahamia kwangu kutoka Muheza, magoti yalipoanza kumsumbua. Chumba chake kiko chini, lakini wajukuu wako juu, na upepo wa bahari unapita juu, kwa hiyo kila jioni mama anapanda.

Mwezi wa pili nikaona uchafu ukutani, upande ule usio na reli. Mstari wa kijivu unaopanda pamoja na ngazi, mpana kama kiganja, umekoza pale juu karibu na kona. Nikagomba watoto. Halafu nikachukua futi nikaupima, nikakuta sentimita 84 kutoka kwenye pua ya stepu, ule ukingo wake wa mbele. Hapo si pa watoto, hapo ndipo mkono wa mtu mzima unapofika wenyewe. Nikamwendea mama. Akanijibu huku anachambua mchele: "Lile dude lako nilishike vipi, mwanangu? Kiganja hakifungi."

Fundi reli, na mama yake anashika ukuta.

Ninayoandika hapa ni yale niliyoyafanya baada ya siku ile, na ninayomwambia kila mteja sasa kabla sijakubali kutazama picha yake.

Anza kwa kusoma ukuta

Kabla hujaita fundi, panda ngazi yako taratibu huku unatazama kuta. Kama watu wameshaishi humo miezi kadhaa bila reli, au na reli isiyoshikika, utakuta wameacha alama. Alama hizo zitakueleza mkono unataka upande gani, unataka kimo gani, na mwili unayumba wapi. Mahali palipokoza zaidi mara nyingi ni stepu mbili tatu za juu kabisa na pale ngazi inapopinda.

Nyumba mpya haina alama. Hapo mimi hutumia chaki. Plasta ikiwa bado haijapakwa rangi, mpake chaki viganjani mtu mzima kuliko wote atakayeishi humo, umwombe apande na kushuka mara tatu bila haraka, wewe uwe karibu naye. Atagusa ukuta, hata akisema hagusi. Mtazame zaidi anaposhuka. Anayejikwaa akipanda huangukia mikono yake kwenye stepu zilizo mbele. Anayeteleza akishuka ana ngazi nzima chini yake, na reli hapo inatakiwa ikamatwe kwa kufumba na kufumbua.

Ukiwa na uwezo wa kuweka upande mmoja tu, uweke upande wa mkono wenye nguvu wa yule dhaifu zaidi, akiwa anashuka. Kwa wengi ni mkono wa kulia. Kwa mtu aliyepata kiharusi huwezi kubahatisha, muulize. Akiwepo mtu wa namna hiyo, weka reli pande zote mbili, kwa sababu mkono wake mzima ukiwa upande huu wa ngazi akishuka, utakuwa upande wa pili akipanda. Na kama ngazi yako ina zile stepu za pembe zinazopinda, nyembamba upande mmoja na pana upande mwingine, reli ikae upande mpana. Mguu hufuata mkono, na huko ndiko pa kukanyaga.

Unene: mwiko, mchi, mpini

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karakana nina ndoo ya vipande vya sentimita 30. Siku ile nilileta vitano nyumbani: bomba la duara la inchi 1, la inchi 1 na nusu, la inchi 2, lile bapa langu, na kipande cha mtiki ambacho jirani yangu seremala alikichonga duara, milimita 40. Nikamwambia mama afumbe macho, nikawa nampa kimoja kimoja. La inchi 1 akalizungusha akasema, "Hili mwiko." La inchi 1 na nusu akanyamaza, akalishika vizuri. La inchi 2: "Hili mchi. Mchi unashika kwa mikono miwili." Bapa alilirudisha bila neno. Kile cha mtiki hakukirudisha. Akakikamata, akakivuta kama anajaribu kuninyang'anya, akasema, "Huu mpini wa jembe." Miaka zaidi ya arobaini amelima machungwa na mihogo. Kiganja chake kinajua kuliko futi yangu.

Fanya jaribio hilo nyumbani kwako. Usimpe mtu ajaribu akiwa amekaa tu. Mpe akiwa amesimama, halafu mwambie avute. Kisha mlowanishe viganja kwa maji ya sabuni ajaribu tena, kwa sababu atakuja kushika reli hiyo akitoka kuosha vyombo au kutawadha. Bomba zuri ni lile ambalo vidole vinalizunguka mpaka ncha ya kidole cha kati inakaribia dole gumba. Kwa watu wengi hilo linaangukia kati ya milimita 32 na 45, na kwa wanawake wazee na watoto wakubwa 38 hadi 40 ni pazuri sana.

Kama umependa umbo lisilo la duara, tumia uzi. Zungusha uzi kwenye kishikio, upime urefu wake. Kipande cha mtiki cha mama kilitoa sentimita 12 na nusu. Bomba la inchi 2 linatoa 16, na hapo ndipo mwisho wa kushikika. Lile bapa langu lilitoa zaidi ya 22. Mkono hauzunguki kitu kama hicho, unakilalia tu, na ukiteleza huo mlalio hausaidii.

Sasa mtego wa dukani. Ukisema "nipe bomba la inchi moja na nusu" unaweza kupewa vitu viwili tofauti. Bomba jembamba la fanicha na la stenlesi hupimwa nje, kwa hiyo inchi 1 na nusu ni milimita 38 kweli. Bomba zito la maji linaitwa kwa jina la tundu lake, na la inchi 1 na nusu nje lina milimita 48. Ukitaka bomba la maji linaloshikika, omba la inchi moja na robo, ambalo nje ni milimita 42, au la inchi moja, ambalo nje ni karibu 34. Nenda na uzi wako dukani. Mwenye duka atacheka kidogo, mwache acheke.

Na unene wa chuma chenyewe? Usiulize, pima uzito. Bomba la milimita 38 lenye unene wa milimita 2, likiwa zima la mita 6, lina kilo 10 na nusu hivi. La milimita 1.2 lina kilo 6 na nusu. Tofauti hiyo mtu anaihisi akilinyanyua tu, huhitaji kalipa, kile kipimo cha unene. Nimeona bomba lililoandikwa 1.5 kwa chokaa, likawekwa kwenye mizani ya jirani muuza nafaka, likajisema lenyewe. Kwa kishikio cha ndani ya nyumba 1.5 halisi inatosha, nguzo zake ziwe za milimita 2. La 1.2 linatoboka fundi akichomelea, na akiogopa kulitoboa anachomelea juu juu, kiungo kinakuwa cha urembo.

Kimo, na marumaru zinazokula reli

Kimo cha reli hupimwa wima kutoka kwenye pua ya stepu, yaani ukingo wa mbele pale unapokanyaga, mpaka juu ya kishikio. Usipimie katikati ya stepu wala kufuata mlalo wa ngazi. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka kati ya inchi 34 na 38, sawa na sentimita 86 hadi 97 hivi. Za Uingereza zinataka 90 hadi 100. Mimi kwa nyumba za kawaida naweka 90. Ya mama niliiweka 88, kwa sababu ni mfupi na ule mstari wa ukutani ulikuwa umeshaniambia. Njia ya kuhakikisha: mtu asimame kwenye stepu na viatu vyake vya ndani, akishika reli kiwiko kikunjike kidogo tu. Bega likipanda, reli iko juu mno. Akiinama mbele anaposhuka, iko chini, na hiyo ni hatari zaidi.

Mteja wangu mmoja wa Sahare aliniita nipime ngazi ikiwa zege tupu. Nikaweka 90 safi, nikalipwa, nikaondoka. Zikaja marumaru na saruji yake chini, stepu ikapanda sentimita 4, reli ikabaki 86. Yeye hakulalamika, ila mimi nikipita pale naiona. Tangu hapo nauliza swali la kwanza: juu ya zege hii kinakuja nini? Kama ni marumaru, ongeza unene wake wote kabla ya kukata nguzo. Na hakikisha zinakuja kwenye stepu zote, ya kwanza na ya mwisho pia. Stepu moja iliyo juu au chini kuliko wenzake ni mtego ambao hakuna reli inayoutibu.

Pale juu, kwenye ukumbi au baraza inayotazama chini, 90 haitoshi. Hapo weka mita 1 na sentimita 10, maana hapo kazi ya kile chuma ni kuzuia mtu asipinduke. Mkono hauna haja nacho sana.

Watoto

Fito, yaani vile vyuma vyembamba vinavyojaza nafasi kati ya nguzo, zisimame. Zile fito za kulala, nne au tano zikifuata mlalo wa ngazi, ndizo zinazopendwa kwenye picha, na kwa mtoto wa miaka mitatu ni ngazi ya pili iliyowekwa pembeni ya ngazi. Ninatengeneza mteja akisisitiza na kama nyumba haina watoto; ila nyumba isiyo na watoto wala wageni wenye watoto hapa Tanga sijaiona bado.

Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 10. Waingereza wanasema tufe la milimita 100 lisipite. Mimi nina kopo la maziwa ya unga nililolipima, kipenyo chake sentimita 10 kamili, nalipitisha kwenye kila nafasi kabla sijapaka rangi. Likipita, nakata. Usisahau ile pembe tatu ya chini, kati ya fito ya chini na stepu, ambapo mafundi wengi huacha pengo kubwa.

Kwa nyumba yenye watoto wadogo na ukuta, kishikio cha pili kwenye sentimita 60 ni kitu cha bei ndogo sana. Bomba lake liwe jembamba, milimita 25 au 30. Mjukuu wa kwangu alipowekewa cha kwake aliacha kushuka kwa makalio siku ile ile.

Kishikio kisikatike, na mwisho wake usitege nguo

Mkono ukishika chini unatakiwa usiachie mpaka juu. Kwa hiyo kishikio kishikiliwe kutoka chini, kwa kipande cha fleti ba (chuma bapa) au bomba dogo lililopinda, siyo kwa pembeni ambapo vidole vinagonga kila mita. Kwenye ukuta acha nafasi ya sentimita 5 kati ya bomba na plasta. Nimeona zilizoachwa 2, na kila anayeshika anachubuka vifundo vya vidole, hasa plasta ikiwa ya kukwaruza. Pale ngazi inapogeuka, kishikio nacho kigeuke, kisikome na kuanza upya. Kukipinda ni kazi zaidi kwa fundi na ndiyo maana atakushauri kikome.

Juu na chini, ongeza sentimita 30 baada ya stepu ya mwisho. Umeme ukikatika, mkono ukifika kwenye kile kipande kilicholala unajua ngazi imekwisha, wala huhitaji kupapasa kwa mguu. Halafu mwisho wenyewe uurudishe ukutani au uupinde uelekee chini. Bomba lililoachwa wazi, kinywa nje, linaingia kwenye mkono wa kanzu au baibui kama limetumwa. Shemeji yangu alivutwa hivyo kwenye nyumba moja ya kupanga, mzigo wa vyombo mkononi. Vyombo vilikwisha, yeye alipona.

Chuma, stenlesi au mti

Ndani ya nyumba, chuma cha kawaida kikisafishwa kwa msasa, kikapigwa redi oksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, na rangi ya mafuta mikono miwili, kinakaa miaka mingi. Kinachokiua ni maji ya ndani. Ziba kila kinywa cha bomba kwa kuchomelea kikamilifu, vidoti vinne havitoshi, na chini ya nguzo pasiwe na kisahani cha kukusanya maji ya kudeki. Nguzo nyingi ninazoitwa kutengeneza zimeoza sentimita 5 za chini tu. Kote juu ni nzima.

Ngazi ya nje ni jambo jingine, na Tanga ngazi ya nje inakula chumvi usiku na mchana. Galvanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki, inafaa, ila pale inapochomelewa ile zinki inaungua na chuma kinabaki uchi. Fundi arudishie rangi yenye zinki kwenye kila kiungo, siyo rangi ya fedha ya kopo ambayo inafanana tu. Moshi mweupe wa zinki ukivutwa unaleta homa na mwili kutetemeka usiku wake. Sisi mafundi tunaambiana tunywe maziwa. Maziwa ni mazuri, lakini hayazuii moshi. Kazi hiyo ifanyike nje, upepo ukitoka mgongoni.

Kuhusu stenlesi, watu wengi wanauziwa jina. Kuna daraja la 201, kuna la 304, kuna la 316. Zote zinang'aa sawa siku ya kwanza. 201 imepunguzwa nikeli ikaongezwa manganizi, ni rahisi, na karibu na bahari inaanza kutoa madoa ya rangi ya chai mapema sana. 304 inahimili zaidi, ukiiosha. 316 ina molibidini ndani yake, na ndiyo ya kuweka ukiwa unaliona wimbi kutoka dirishani. Mzee mmoja wa Raskazone alijinunulia mabomba mwenyewe, akahakikishiwa ni 304 kwa sababu sumaku haishiki. Tulifunga mwezi wa pili. Masika ilipokwisha reli ilikuwa na madoa kuanzia juu mpaka chini. Sumaku haishiki 304, ni kweli, lakini haishiki 201 pia. Sumaku itakuonyesha chuma cha kawaida kilichopakwa ung'avu, basi. Kutofautisha 201 na 304 kuna kichupa cha dawa chenye kibetri kidogo: unadondosha tone, 201 inageuka nyekundu. Wauzaji wakubwa wa stenlesi wanacho. Mwombe muuzaji apime mbele yako, na asiyetaka kupima umeshampima wewe.

Na stenlesi nzuri inaweza kuharibiwa na jirani. Fundi wa madirisha akikata nondo kwa grainda karibu nayo, cheche zinanata juu yake, na baada ya wiki mbili unaona vidoadoa vya kutu. Bomba halina kosa hapo. Ifunike kwa nailoni mpaka mafundi wote waondoke.

Jambo ambalo picha haisemi: chuma kwenye jua la saa saba hakishikiki. Ngazi ya nje inayotazama magharibi, ukiweka stenlesi bila kivuli, watu watapanda mikono mfukoni.

Mti hauchomi, hauteleziki mkono ukiwa na jasho, na unaweza kuchongwa uwe wa kiganja chako. Sisi tuna bahati, mitiki ya Longuza iko Muheza hapo, na vipande vifupi vinavyobaki kwa maseremala ndivyo vinavyofaa kishikio. Mninga nao ni mzuri na ni rahisi kuchonga. Mkongo ni mgumu na mzito, unadumu. Paini tumia ndani tu, tena yenye dawa. Ulizia ukavu kabla ya kuulizia jina la mti. Mti mbichi ukifungwa leo, baada ya kiangazi umejipinda na skrubu zinacheza. Seremala wangu huugonga kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza. Mimi sina sikio hilo, nauacha karakana mwezi mzima juu ya mbao, chini ya bati, ndipo nafunga. Vanishi iwe nyembamba. Ile ya kumiminwa mpaka inang'aa kama kioo inateleza, na inabanduka magamba.

Chaguo langu mwenyewe, na ndilo la ngazi ya mama: nguzo na fito za chuma, juu yake fleti ba ya milimita 30 iliyotobolewa kila sentimita 25, na kishikio cha mtiki kimelala juu, skrubu zikiingia kutoka chini. Hakuna kichwa cha skrubu kinachoonekana wala kinachokwaruza. Mti ukichakaa, unafungua skrubu unabadilisha, huhitaji kuchomelea ndani ya nyumba yenye mapazia.

Kioo sitakisema sana. Kama unakitaka, kiwe kile kilichoimarishwa kwa moto au cha tabaka mbili, na bado uweke kishikio juu yake au ukutani, maana kioo hakishikwi.

Kufunga

Reli nzuri iliyofungwa vibaya ni mbaya kuliko kutokuwa na reli, kwa sababu mtu anaiamini. Kama bado hujamwaga zege la ngazi, mwambie fundi wako azamishe vipande vya chuma bapa vyenye miguu ya nondo, kila baada ya mita moja. Baadaye nguzo inachomelewa hapo hapo. Inagharimu karibu na bure siku hiyo.

Kama zege limeshakauka, tumia bolti za kujitanua za milimita 10, zizame angalau sentimita 8 ndani ya zege lenyewe. Unene wa marumaru usiuhesabu. Tundu likae mbali na ukingo wa stepu, sentimita 6 au zaidi, la sivyo bolti ikitanuka inang'oa pembe ya zege. Mavumbi ya drili yapulizwe yatoke kabla bolti haijaingia. Kwenye ukuta, tofali la tundu halishiki bolti. Hapo ama utoboe mpaka upande wa pili ufunge kwa bamba, ama uchimbe uzibe kwa zege usubiri likomae. Vishikizo vya ukutani viwe kila sentimita 80 hivi.

Nikimaliza, nafanya jambo ambalo mke wa mteja mmoja alidhani ni wazimu: naishika reli kwa mikono miwili na kujiachia nje kwa uzito wangu wote, kilo 81, kwenye kila nguzo. Wewe mteja fanya hivyo hivyo kabla ya kulipa salio. Ikitikisika leo ikiwa mpya, haitakaza yenyewe.

Kuagiza

Bomba huuzwa mita 6. Watu wengi hupima ngazi chini kwa chini, wakanunua pungufu. Nyosha uzi kutoka pua ya stepu ya chini mpaka pua ya stepu ya juu. Mfano wa kwangu: stepu zina kimo cha sentimita 17 na upana wa 28, kwa hiyo kila moja inakula karibu sentimita 33 za bomba kwenye mlalo. Nina mafungu mawili ya stepu 8. Hayo ni mita 5 na sentimita 24. Ongeza 30 za juu na 30 za chini, ongeza 25 za kugeukia kwenye kona: mita 6 na sentimita 9. Sentimita 9 tu, na bomba moja halitoshi, bado hujakata pembe. Afadhali kujua hilo ukiwa nyumbani kuliko kulijua bodaboda akiwa ameshaondoka.

Andikianeni kwenye karatasi: kipenyo cha nje, unene, kimo kutoka pua baada ya marumaru, nafasi ya fito, nani ananunua rangi. Kisha mwombe fundi afunge kipande cha mita moja kwa muda, kwa vidoti tu, mzee wa nyumba akishike, kabla ya kuchomelea yote. Fundi atakayenuna kwa ombi hilo, mwache anune.

Matunzo ni machache. Ya nje ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki mbili ukiwa karibu na bahari. Ya mti ipigwe msasa laini na mafuta kidogo mara moja kwa mwaka. Mimi hufanya masika ikiisha. Skrubu na bolti zikazwe siku hiyo hiyo.

Ukuta wa ngazi yangu niliupaka rangi upya Desemba. Mpaka leo ni mweupe, ila pale kwenye kona ya juu vanishi ya mtiki imeanza kufifia, urefu wa kiganja kimoja. Lile bomba bapa la inchi 3 sikulitupa. Nimelifanya miguu ya kichanja cha tangi la maji nyuma ya jiko, na hapo, wallahi, limetulia.